Tumbo la mtoto likinyamaza ghafla

Ni saa nane usiku. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu ameharisha mara ya saba tangu jioni. Nepi zimeisha, sasa anafungwa vipande vya khanga. Bibi ameamka, anamwonea huruma mjukuu wake, na anakumbuka kwamba kwenye mkoba wake vimebaki vidonge alivyokunywa siku ya safari, ili asilisimamishe basi kila kituo. "Mpe nusu tu, mwanangu, atalala." Nusu kidonge kinapondwa na kukorogwa kwenye maji ya sukari. Kufika alfajiri kuharisha kumekoma, na nyumba nzima inashusha pumzi.

Saa nne asubuhi tumbo la mtoto limejaa, gumu kama ngoma. Hana nguvu ya kulia, hataki kunyonya, na anatapika maji ya kijani.

Kilichotokea kati ya saa nane na saa nne ndicho ambacho kila mzazi mwenye kabati la dawa nyumbani anapaswa kukielewa.

Ukuta wa utumbo umejengwa kwa misuli ambayo mtu haiamrishi. Mkono unaukunja ukitaka, lakini hakuna anayeweza kuuambia utumbo wake usukume chakula au usubiri. Misuli hii huitwa misuli laini. Iko pia kwenye kibofu, kwenye njia za hewa, kwenye mishipa ya damu na hata ndani ya jicho, inapopanua na kubana mboni. Ile ya utumbo ina mtandao wake wa mishipa ya fahamu, yenye seli zaidi ya milioni 100, uliotandazwa humo humo ukutani. Mtandao huo hufanya kazi usiku na mchana bila kungoja agizo la ubongo.

Mshipa wa fahamu hauugusi msuli. Kati yao kuna upenyo mdogo sana, na ujumbe huuvuka kwa kemikali iitwayo asetilikolini. Mshipa huimwaga, nayo hutua kwenye vipokezi vya msuli kama ufunguo unavyoingia kwenye kitasa. Msuli hujikaza nyuma ya chakula, mbele yake hulegea, na chakula husogea. Kisha kimeng'enya maalumu huivunja asetilikolini hiyo mara moja, ili msuli upumzike na kusubiri ujumbe mwingine.

Kwamba mishipa ya fahamu huongea kwa kemikali lilithibitishwa mwaka 1921 na Otto Loewi huko Graz, Austria, kwa namna inayochekesha kidogo. Aliota usiku jinsi ya kufanya jaribio, akaamka, akaandika kwenye karatasi, akalala tena. Asubuhi hakuweza kusoma mwandiko wake mwenyewe! Usiku uliofuata ndoto ikarudi, na safari hii hakungoja kukuche, akaenda moja kwa moja maabara. Alichukua mioyo miwili ya vyura, akausisimua mshipa wa fahamu wa moyo wa kwanza mpaka mapigo yakapungua, kisha akauwekea moyo wa pili majimaji yaliyouzunguka ule wa kwanza. Nao ukapunguza mapigo, ingawa hakuna aliyeugusa. Mwaka 1936 yeye na Henry Dale walipewa tuzo ya Nobel. Dawa nyingi tunazonunua leo kwa ajili ya tumbo hufanya kazi palepale, kwenye upenyo huo.

Kidonge cha bibi kilikuwa loperamidi, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Imodium. Hii hukaa upande wa mshipa wa fahamu na kuuzuia usimwage asetilikolini ya kutosha. Utumbo unapunguza mwendo. Ndugu yake wa dukani ni hayosini, maarufu kama Buscopan, ambayo hunywewa kwa ajili ya msokoto wa tumbo. Yenyewe haimgusi mpeleka ujumbe. Inaziba kitasa, asetilikolini inafika na kukuta pamekaliwa, na msuli uliokuwa ukijikaza kwa maumivu unalegea.

Mtu mzima mwenye afya njema hunufaika na dawa hizi zikitumika inavyotakiwa. Tatizo ni kwamba hakuna hata moja kati yake inayoua kijidudu kilicholeta ugonjwa, wala inayorudisha maji yaliyopotea. Utumbo wa mtoto mdogo ukisimama, maji na chumvi vinaweza kuendelea kumwagikia ndani, ila sasa mama havioni kwenye nepi. Mtoto anakaukiwa huku tumbo limejaa. Sumu za vijidudu, zilizokuwa zikitolewa nje kwa kuharisha, zinabaki humo. Na kwa mtoto mchanga loperamidi inaweza kufika hadi kwenye ubongo, akasinzia kupita kiasi na pumzi zikawa hafifu.

Hili si jambo la kufikirika. Nchini Pakistan dawa hii iliwahi kuuzwa kama matone ya watoto. Watoto wachanga walifika hospitali matumbo yamejaa na utumbo umesimama kabisa, na baadhi yao walifariki. Matone hayo yaliondolewa sokoni nchini humo mwaka 1990. Mtoto wa chini ya miaka miwili hapaswi kupewa loperamidi kabisa, na aliyevuka umri huo asipewe bila ushauri wa daktari. Choo kikiwa na damu, au mtoto akiwa na homa kali, dawa ya kufunga tumbo iwe ya mwisho kufikiriwa.

Wazazi wengi huidharau ORS kwa sababu moja ya haki: haikomeshi kuharisha siku hiyo hiyo. Mtoto anakunywa na bado anaenda. Lakini ORS haishughuliki na mishipa ya fahamu wala misuli. Sukari na chumvi vilivyopimwa vizuri huingia pamoja kupitia ukuta wa utumbo, na maji huvifuata hadi kwenye damu, hata wakati mtoto anaendelea kuharisha. Korogeni pakiti nzima kwa kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake, kwani maji yakipungua chumvi inazidi. Mpeni kwa kijiko, kidogo kidogo, na akitapika subirini dakika 10 muanze tena taratibu. Vidonge vya zinki hutolewa kwa siku 10 hadi 14, miligramu 20 kwa siku, na nusu yake kwa mtoto wa chini ya miezi sita. Msiache katikati kwa kuwa choo kimekuwa kigumu. Na anyonye kama kawaida.

Kitasa kile kile kiko sehemu nyingine za mwili, na dawa haijui kwamba imenunuliwa kwa ajili ya tumbo. Ndiyo maana aliyekunywa hayosini anaweza kukauka mdomo, moyo ukaenda mbio, au mkojo ukagoma kutoka. Babu mwenye tezi dume asigawiwe kidonge cha msokoto kutoka mkoba wa mtu mwingine. Piritoni, ambayo baadhi ya wazazi humpa mtoto ili alale tu, nayo huziba sehemu ya vitasa hivyo. Ukiichanganya na hayosini, ukavu unajumlishwa. Mbegu za mnanaha, ambazo watoto huweza kuzitafuna wakicheza, zina hayosini na atropini za asili. Mtoto aliyezila huwa na mboni kubwa, ngozi kavu ya moto, na huongea maneno yasiyoeleweka.

Ufunguo ukikwama ndani ya kitasa

Kuna kinyume chake, nacho ni cha hatari zaidi katika nyumba za wakulima. Baadhi ya dawa za kupulizia nyanya na mboga huua wadudu kwa kukizuia kile kimeng'enya kinachovunja asetilikolini. Kwa binadamu hufanya vivyo hivyo. Ujumbe unafika, haufutwi, na mwingine unakuja juu yake.

Mtoto aliyekunywa dawa hiyo kutoka chupa ya soda iliyowekwa chini ya kitanda huanza kutoka mate na machozi, kutapika na kuharisha. Mboni zake zinakuwa ndogo kama tundu la sindano. Kifua kinakoroma kwa sababu njia za hewa zimebana na kujaa majimaji. Kwa haraka mtu anaweza kudhani ni tumbo la kawaida, akatafuta dawa ya kulifunga. Ni dakika ambazo mtoto hana.

Msimtapishe wala msimpe maziwa. Mvueni nguo, mwosheni kwa maji mengi na sabuni, anayemwosha akiwa amejikinga mikono, kisha mkimbizeni hospitali mkiwa na chupa au lebo ya dawa yenyewe. Hapo atachomwa atropini, dawa inayoziba vitasa vilevile vinavyozibwa na hayosini. Safari hii kuziba ndiko kunakotakiwa. Muuguzi ataweka kipimo chake kifuani kila baada ya dakika chache, na dozi itarudiwa mpaka mkoromo ukauke.