Muziki wa michezo ya zamani ya kompyuta waokolewa usipotee

FEBRUARI 2011, jijini Los Angeles, wimbo wa Kiswahili uliweka historia katika tuzo za Grammy. "Baba Yetu", uliotungwa na Mmarekani Christopher Tin kwa maneno ya Sala ya Bwana, ulishinda tuzo ya mpangilio bora wa ala zinazosindikiza uimbaji. Kabla yake, hakuna muziki uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta uliokuwa umewahi kupata Grammy. Ulisikika kwanza mwaka 2005, mchezaji anapofungua mchezo wa Civilization IV.

Kwaya nyingi duniani zimeuimba tangu hapo, na si kila anayeupigia makofi anajua ulikozaliwa. Wachache zaidi wanajua kwamba muziki wa michezo haukuanza na kwaya wala okestra. Ulianza na noti chache za besi.

Mwaka 1978 kampuni ya Taito ya Japani ilitoa Space Invaders, mchezo uliobuniwa na Tomohiro Nishikado. Noti nne zilishuka, zikarudi mwanzo, zikashuka tena. Kadiri maadui walivyopungua kwenye kioo, ndivyo mwendo wao na wa noti hizo ulivyoongezeka. Hakukuwa na wimbo wa kuimbika, lakini mchezaji alihisi hatari ikimkaribia.

Bendi ya watu watatu

Miaka minne baadaye ilitoka kompyuta ya nyumbani ya Commodore 64. Ndani yake mlikuwa na chipu ya sauti iliyoitwa SID, kazi ya mhandisi Bob Yannes. Chipu hiyo ilitoa sauti tatu tu kwa wakati mmoja. Mtunzi alikuwa kama kiongozi wa bendi ya watu watatu aliyeambiwa apige muziki wa bendi nzima.

Tatizo lilijitokeza mara moja. Mpiga kinanda akitaka noti tatu kwa pamoja, hubonyeza vidole vitatu. Mtunzi wa Commodore akifanya hivyo amemaliza sauti zote, hana tena besi wala ngoma. Dawa yake ilikuwa kuifanya sauti moja iruke haraka kutoka noti hii hadi ile, mara nyingi ndani ya sekunde moja, hadi sikio lidhani linazisikia zote pamoja. Mlio ule wa kutetemeka, ambao leo watu huutambua mara moja kuwa wa michezo ya zamani, ulitokana na uhaba huo.

Mwingereza Rob Hubbard alikuwa miongoni mwa mafundi wakubwa wa kazi hiyo. Kwa Monty on the Run na Commando, yote ya mwaka 1985, hakuandika noti kwenye karatasi na kumwachia mwingine. Aliandika mwenyewe programu iliyoiamuru chipu ipige nini na lini.

Japani nako, mwaka huo huo, Koji Kondo alitunga muziki wa Super Mario Bros. Mchezo mzima, picha na sauti pamoja, ulitoshea katika kilobaiti 40, kiasi kidogo kuliko picha moja ya simu ya kisasa. Mario anaporuka, mlio wa kuruka hunyakua moja ya sauti za muziki kwa muda mfupi. Wimbo uliandikwa kwa namna ambayo msikilizaji haoni pengo.

Mchezo wasahaulika, muziki wabaki

Mario anajulikana kila mahali. Hazina nyingine zimefukiwa katika michezo ambayo wengi hawajawahi kuisikia. Mwingereza Tim Follin alitunga muziki wa Solstice mwaka 1990. Wimbo wake wa ufunguzi huanza kwa utulivu, kisha hulipuka kwa kasi ya bendi ya roki. Mwaka huo huo, yeye na ndugu yake Geoff walifanya kazi ya Silver Surfer, mchezo uliolaumiwa kwa ugumu wake lakini ambao muziki wake unasifiwa hadi leo.

Watunzi wengine hawakupewa hata nafasi ya kujulikana. Katika baadhi ya kampuni za Japani, wafanyakazi waliandikwa kwa majina ya utani, na moja ya sababu ilikuwa hofu kwamba washindani wangewanyakua. Yoko Shimomura, mwanamke aliyetunga sehemu kubwa ya muziki wa Street Fighter II wa mwaka 1991, alikuwa mmoja wao.

Usiache mbachao

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Biashara ya michezo haikuusikia usemi huo. Utafiti wa taasisi ya Video Game History Foundation uliotolewa mwaka 2023 ulionyesha kuwa asilimia 87 ya michezo iliyotoka Marekani kabla ya 2010 haiuzwi tena. Kanda za sumaku huchakaa na chipu huungua, na chipu za asili za SID hazitengenezwi tena.

Wanaozuia hasara hiyo ni watu wa kujitolea. Mkusanyiko uitwao High Voltage SID Collection umehifadhi tungo zaidi ya 50,000 za Commodore 64. Hawakurekodi sauti tu. Walichomoa ndani ya michezo programu zenyewe zinazopiga muziki, wakaambatanisha jina la mtunzi na mwaka kila vilipojulikana. Leo kompyuta ya kawaida inaweza kuiga chipu ya zamani na kuupiga wimbo upya.

Mwaka 2023 Maktaba ya Bunge la Marekani iliingiza wimbo wa Mario katika orodha ya rekodi za kuhifadhiwa kwa taifa, muziki wa kwanza wa mchezo kupata heshima hiyo. Kondo ametambuliwa akiwa hai, kama Tin alivyotambuliwa kwa "Baba Yetu". Katika mkusanyiko wa SID, hata hivyo, bado zimo tungo ambazo mahali pa jina la mtunzi pamewekwa alama ya kuuliza.