Nailoni ya Vipovu, Karatasi ya Ukutani Iliyokosa Ukuta

Je, wajua kwamba ile nailoni ya vipovu inayozungushiwa vikombe, saa na vinyago kabla ya kutiwa kwenye boksi ilibuniwa ili ibandikwe ukutani?

Mwaka 1957, katika mji wa Hawthorne, jimbo la New Jersey nchini Marekani, mhandisi Alfred Fielding na mwenzake Marc Chavannes, mzaliwa wa Uswisi, walichukua mapazia mawili ya plastiki ya bafuni wakayaunganisha kwa joto. Walikuwa wakitafuta karatasi ya ukutani yenye miinuko, kitu cha kuvutia vijana wa enzi zile. Kilichotoka mashineni ni utando uliojaa vipovu vya hewa, na hakuna aliyeutaka sebuleni kwake. Wakajaribu kuuza utando huo kama blanketi la kutunza joto kwenye nyumba za kuoteshea mimea. Huko nako soko halikuitika. Hata hivyo, mwaka 1960 walianzisha kampuni, Sealed Air, wakiwa na bidhaa ambayo bado ilikuwa inatafuta kazi.

Kazi ililetwa na kompyuta. IBM ilikuwa imetangaza mashine yake ya 1401 mwaka 1959, na mashine hiyo ya bei kubwa, yenye sehemu nyingi nyepesi kuharibika, ilitakiwa isafiri salama hadi kwa mteja. Frederick Bowers, aliyekuwa akiitafutia Sealed Air masoko, akaenda kuwaonyesha IBM ule utando unavyokinga vitu dhaifu. Wakanunua. Hadi hapo wafungashaji wengi walikuwa wakitegemea magazeti yaliyofinyangwa, vumbi la mbao na nyasi kavu.

Kwa nini hewa ishinde gazeti? Jibu linaanzia kwenye jambo ambalo wengi hulichukulia kinyume. Kikombe cha kaure hakivunjwi na kuanguka. Kikiwa bado hewani hakina shida yoyote. Kinachokivunja ni kusimama ghafla. Kikidondoka kutoka kimo cha mita 1, kinafika sakafuni kikiwa na mwendo wa kilometa 16 hivi kwa saa. Saruji hairudi nyuma hata kidogo, kwa hiyo kikombe kinalazimika kuumaliza mwendo huo wote ndani ya milimita 1 au chini yake. Gawanya kimo cha kuanguka kwa umbali wa kusimama, utapata jibu la kutisha: mara 1,000 ya uzito wake. Kikombe cha gramu 300 kinakuwa kama kimebebeshwa kilo 300 kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Sasa kipe sentimeta 2 za kusimamia. Hesabu inashuka hadi mara 50, yaani kilo 15, na kikombe kizima chaweza kuzihimili. Anayedaka yai hurudisha mikono nyuma kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa hiyo anayenunua nailoni ya vipovu ananunua sentimeta. Kila kipovu kinapobonyezwa, hewa iliyomo inajikunja, inakataa kidogo kidogo, kisha inarudi ilivyokuwa. Gazeti lililofinyangwa nalo lina hewa, ila likishabonyea mara moja halirudi, na safari ya kifurushi haina pigo moja tu. Kinadondoshwa stoo, kinatupwa kwenye gari, kinateleza kwenye mkanda wa kupangia mizigo, kisha kinawekewa boksi la mtu mwingine juu yake.

Utengenezaji wake ni rahisi kuueleza. Chembe za polithini huyeyushwa, zikatandazwa kuwa utando mwembamba, na utando huo hupitishwa ungali moto juu ya pipa linalozunguka lenye vishimo. Hewa hunyonywa kupitia vishimo hivyo, utando unazama ndani yake, kisha utando wa pili unalalia juu na kufunga. Ugumu ulikuwa kuzuia hewa isitoke. Polithini tupu huvujisha hewa polepole, hasa ikikaa chini ya mzigo, ndiyo maana aina bora huongezwa tabaka jingine la kuizuia.

Tatizo ni kwamba watu huiamini kupita uwezo wake. Kinyago cha mpingo ni mfano mzuri. Mpingo ni mti mzito kiasi kwamba ukiutupa majini unazama, na kinyago cha kilo kadhaa kikiangukia upande mmoja kinapasua vipovu vyote vilivyo chini yake. Kipovu kilichopasuka ni karatasi mbili za plastiki, basi. Mzigo wa namna hiyo unataka sponji ngumu chini, na vipovu vibaki kwa kazi ya kujaza pembeni. Ukiamua kuufungia kwenye kreti la mbao na kuupeleka nje, jua kwamba nchi nyingi hufuata kanuni ya kimataifa iitwayo ISPM 15: mbao za kreti lazima ziwe zimepashwa joto hadi nyuzi 56 katikati ya ubao kwa dakika 30 mfululizo, au zitibiwe kwa njia nyingine iliyokubaliwa, kisha zigongwe muhuri wenye suke la ngano. Wanaoogopwa ni wadudu wapenda mbao. Kreti lisilo na muhuri linaweza kuzuiwa bandarini pamoja na kinyago kisicho na kosa.

Picha za Tingatinga zina balaa lake. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi ya mafuta ya kung'aa, ile ya kupakia baiskeli, juu ya silingibodi. Wafuasi wake wengi wamehamia kwenye kitambaa, lakini rangi ni ya ukoo ule ule: inaonekana kavu kwa nje, huku ndani ikichukua muda mrefu kukauka sawasawa, na joto hulilainisha tabaka la juu. Bandika vipovu juu yake, iache kwenye kontena juani, na mnunuzi atapokea chui mwenye madoa ambayo mchoraji hakuyachora. Kwanza hutandazwa karatasi laini isiyo na asidi wala wino, ndipo vipovu vifuate, tena vikitazama nje. Kwa kikombe kanuni hugeuzwa, vipovu vinatazama ndani ili vikumbatie umbo lake, na mkono wa kikombe unazungushiwa peke yake kabla ya mwili, kwa kuwa pale ulipoungana ndipo pigo hujikusanyia.

Na sarafu? Pesa ya shaba ya Zanzibar ya mwaka 1882, ya enzi za Sultan Barghash, haiogopi kuanguka. Adui yake ni msuguano na kemia. Mifuko laini ya PVC, ambayo wauzaji wengi bado wanaitumia kwa sababu inang'aa, hutoa polepole kemikali zinazoila shaba na kuiachia utando wa kijani unaonata. Sarafu hubanwa kwenye kadi ngumu isiyo na PVC ili isicheze hata kidogo.

Boksi lenyewe halipaswi kusahauliwa, ingawa wengi huokota lolote lililo karibu. Karatasi yake yenye mawimbi ilipewa hataza Uingereza mwaka 1856, ikiwa bitana ya kofia ndefu za wanaume. Mwaka 1871 Albert Jones wa New York akaisajili kwa kufungia chupa. Nguvu yake yote imo kwenye mawimbi hayo, na unyevu huyalegeza: katika hewa nzito ya pwani boksi laweza kupoteza karibu nusu ya uwezo wake wa kubeba. Boksi lililokwisha kusafiri mara mbili tatu ni la kuwekea viatu.

Wapo pia walioipenda nailoni hii kwa sababu zisizohusu mizigo. Howard, mwana wa Fielding, alisimulia kwamba alikuwa na miaka mitano alipoiona, na bila kufundishwa akaanza kupasua vipovu. Mwaka 1992 mwanasaikolojia Kathleen Dillon alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba wanafunzi waliopasua vipovu walijisikia watulivu na wachangamfu zaidi. Mwaka 2014 kundi la George Whitesides katika Chuo Kikuu cha Harvard lilikwenda mbali zaidi. Waligundua kwamba ndani ya kipovu hakuna vijidudu, wakaingiza vimiminika kwa sindano, wakaziba tundu kwa dawa ya kukaza kucha, na kuvitumia vipovu kama mirija ya bei nafuu ya kupimia upungufu wa damu na sukari.

Mwaka 2015 Sealed Air walitangaza aina mpya inayosafirishwa ikiwa bapa na kujazwa hewa kwa pampu pale pale inapotumika. Sababu yao ilikuwa ya kibiashara tupu: lori lililosheheni marobota ya vipovu hubeba hewa zaidi ya plastiki, na aina hii mpya inachukua takriban sehemu moja ya hamsini ya nafasi ya ile ya zamani. Vipovu vyake vimeunganishwa kwa mistari, hivyo ukibonyeza kimoja hewa inakimbilia kwa jirani na hakipasuki. Wapenda kupasua walilalamika sana.