Deni la Mtalaka: Nani Alipe?

Ndugu mfanyakazi, chukua mfano wa mama mchuuzi wa samaki pale Mununga, kaskazini ya Nchelenge, kwenye ufuko wa Ziwa Mweru nchini Zambia. Mumewe ni mvuvi. Kila mwaka uvuvi hufungwa kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, na miezi hiyo nyumba huishi kwa kukopa: nyavu na petroli kwa tajiri, unga na sabuni dukani. Ndoa ikavunjika mbele ya mahakama ya mtaa. Mume akavuka ziwa kwenda Kilwa, upande wa Kongo, asirudi. Sasa wadai wamesimama mlangoni kwa mama, wanataka kubeba cherehani yake na chisense alioanika.

Je, wana haki? Kwa deni la nyavu hawana, ikiwa mama hakutia saini wala hakuwa mshirika katika uvuvi ule. Zambia ilirithi kwa Waingereza kanuni ya sheria yao ya mwaka 1882, kwamba mke ana mali yake mwenyewe na hufunga mapatano kwa jina lake. Ndoa peke yake haimfanyi mtu kuwa mdaiwa. Tena vyombo ambavyo havikuwekwa rehani havibebwi bila amri ya mahakama. Lakini unga aliokopa yeye, jina lake likaandikwa daftarini, ataulipa, hata kama ulikwisha kwa kulisha ndugu za mume! Ng'ambo ya ziwa mambo ni mengine: huko Kongo, wanandoa wasipochagua utaratibu wao, mali waliyochuma katika ndoa huhesabiwa ya wote wawili.

Hatari kubwa ni dhamana. Mume anakwenda kuchukua kaloba, ule mkopo wa riba wa mitaani, na mke anaitwa aweke kidole gumba tu. Kidole hicho talaka haikifuti. Hata mkikubaliana mbele ya wazee kwamba mume ndiye atakayelipa, mkopeshaji hakuwamo katika mapatano yenu. Atakudai wewe, nawe ubaki kumtafuta mtalaka wako. Basi mwendee mkopeshaji mapema, na akikubali kukutoa katika deni, aandike.

Wanaume nao wasicheke. Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 64, humchukulia mke kuwa na ruhusa ya kukopa kwa jina la mumewe mahitaji ya lazima yake na ya watoto, kwa kadiri ya uwezo wa mume. Na wakati wa kugawa mali, kifungu cha 114 chaitaka mahakama iangalie madeni yaliyokopwa kwa faida ya wote wawili. Kwa hiyo nenda mahakamani na daftari la duka, usiende na maneno matupu.

Wako wadai wanaokwenda moja kwa moja kwa karani wa mishahara. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ya Tanzania, kifungu cha 28, hairuhusu mshahara ukatwe hivi hivi. Lazima kuwe na sheria, mkataba wa hali bora, amri ya mahakama au uamuzi wa usuluhishi. Au wewe mwenyewe uwe umekubali kwa maandishi deni lililotajwa. Ukiona makato usiyoyajua, mwite mjumbe wa chama, mwende pamoja kwa karani mkaione karatasi, na saini iliyo chini yake ni ya nani.