Yaliyotia Fora: Majumba ya Maduka Yakitazamwa Kutoka Wasini

Wasini hakuna gari. Si kwamba magari ni machache au barabara ni mbovu. Halipo hata moja, wala barabara ya kulipitisha haipo. Kisiwa ni chembamba, ardhi yake ni mawe ya matumbawe, vijiji vikubwa ni viwili, Wasini penyewe na Mkwiro, na njia zote ni za miguu. Mfuko wa sukari wa kilo 50 unapakiwa juu ya matatu Ukunda, unakata kona Kanana, unateremshwa Shimoni, unavushwa kwa boti, kisha mtu anautia begani hadi mlangoni mwa duka. Kila mkono ulioushika unalipwa chake, ndiyo maana bei ya dukani kisiwani ina nauli ndani yake.

Naanzia huku makusudi. Jumba la maduka la pembezoni mwa mji, lile lenye paa moja, maduka yakitazamana ndani na ukuta mtupu ukitazama nje, ni mtoto wa gari. Mtu anayeishi Nairobi huenda asilione hilo, maana amezoea. Anayetoka Wasini akifika kwenye jumba kama hilo kitu cha kwanza kumshangaza si maduka, ni uwanja wa magari. Kwa hiyo nimezipitia rekodi za majumba haya, ya ng'ambo na ya kwetu, na nyingi ukizikwangua juu kidogo unakuta ni rekodi za maegesho.

La kwanza

Taji hili hupewa Southdale, lililofunguliwa tarehe 8 Oktoba 1956 katika mji wa Edina, pembezoni mwa Minneapolis, Marekani. Mchoraji wake ni Victor Gruen, Myahudi wa Vienna aliyeikimbia Austria mwaka 1938 baada ya Wanazi kuitwaa. Pesa zilitoka kwa familia ya Dayton, wafanyabiashara wa Minneapolis ambao baadaye, mwaka 1962, kampuni yao ilianzisha maduka ya Target. Yalikuwa maduka 72 katika orofa mbili, kwa gharama ya dola milioni 20 hivi, na nje nafasi za magari zaidi ya 5,000.

Sababu ya kulifunika ilikuwa hali ya hewa. Minnesota ina baridi ya kugandisha maziwa, na kiangazi chake kina joto la kunata mwilini. Siku za mtu kutembea duka kwa duka kwa raha ni chache. Gruen akafunga kila upande, akaweka mitambo, ndani kukawa na nyuzi 24 mwaka mzima. Katikati akatengeneza ukumbi wa bustani: kidimbwi cha samaki, tundu la ndege refu kama nyumba, sanamu za chuma za Harry Bertoia, meza za kahawa. Alikuwa akiwaza Vienna, watu waketi, waonane, wasalimiane. Tena akaweka chini ya paa hilo maduka makubwa mawili yaliyokuwa mahasimu mjini, Dayton's na Donaldson's, ili mteja wa mmoja apite mbele ya mlango wa mwenzake.

Ila taji lenyewe lina mgogoro. Mji wa Appleton, jimbo la Wisconsin, ulikuwa na Valley Fair lenye paa tangu 1955. Duluth, huko huko Minnesota, inataja Lake View Store, jengo la 1916 lililokusanya maduka ndani. Na ukisema paa tu ndilo la kuangaliwa, basi Wamarekani wote wakae kando: Soko Kuu la Istanbul lilianza kujengwa miaka ya 1450 kwa amri ya Sultani Mehmed wa Pili na hadi leo lina maduka yanayohesabiwa kwa maelfu. Mimi taji ningemwachia Southdale, kwa sababu moja: ndilo lililoigwa. Valley Fair lilivunjwa, la Duluth wanalijua wenyewe wa Duluth, lakini mpangilio wa Southdale, maduka makubwa kwenye ncha, madogo katikati, magari yakiuzunguka ukuta, umetapakaa dunia nzima.

La kwanza kwetu

Mpangilio huo ulifika Nairobi mwaka 1983, kwa jina la Sarit Centre, Westlands. Sarit hutambuliwa kama jumba la kwanza la namna hiyo Afrika Mashariki na ya Kati. Kinachonifurahisha ni walioliwaza: familia za wenye duka la vitabu la Text Book Centre. Watu waliokuwa wakiuza madaftari na vitabu vya shule mjini ndio waliothubutu kwenda kujenga jumba zima nje ya mji, na duka lao la vitabu wakalipa nafasi ya heshima ndani. Sijui nchi nyingine ambapo historia ya jambo hili inaanzia kwenye rafu za vitabu.

Sasa jiulize Nairobi ilitaka paa la nini. Hali ya hewa ya Nairobi haimfukuzi mtu nje. Wala hakuna theluji, wala jua la Lamu. Westlands ya wakati ule ilikuwa mtaa wa makazi, nyumba zenye bustani na gari mlangoni, na wenyeji wake walikuwa wameanza kuchoka na safari ya katikati ya jiji: pa kuegesha hakuna, msongamano, mkono usibanduke kwenye mkoba. Sarit halikuwapa hewa, liliwapa utulivu. Uchumi walikuwa na supamaketi humo, benki zilikuwamo, mtoto angeweza kuachwa atembee hatua kumi mbele ya mamake. Jumba la Village Market lililokuja baadaye kwenye barabara ya Limuru, mwaka 1995, lilikuwa na busara ya kuona kwamba Nairobi haihitaji kufungiwa: sehemu yake kubwa iko wazi, maji yakitiririka.

Sarit limepita miaka 40 na milango iko wazi. Uchumi waliporomoka wakaondoka, jumba likapanuliwa, na mwaka 2019 Carrefour wakaingia. Katika orodha yote hii, hiyo ndiyo rekodi ninayoiheshimu zaidi, na haipimwi kwa mita za mraba.

Jirani yake, Westgate, lina rekodi ambayo hakuna aliyeitaka. Tarehe 21 Septemba 2013 magaidi walilivamia wakaua watu 67. Lilifunguliwa tena Julai 2015, lakini tangu siku ile kila jumba la Kenya lina foleni ya kupekuliwa mlangoni, na askari wa langoni ana kile kioo chenye mpini mrefu anachokipitisha chini ya gari kabla hujaruhusiwa kuegesha.

Kubwa kuliko yote, kwa sasa

Hapa ndipo penye maneno mengi na uhai mfupi. Februari 2017 Two Rivers lilifunguliwa kwenye barabara ya Limuru, mradi wa kampuni ya Centum, likiwa na zaidi ya mita za mraba 60,000 za kupangisha, na likatangazwa kubwa kuliko yote Afrika Mashariki na ya Kati. Nje wakasimamisha pembea kubwa ya duara. Miaka haikuwa mingi, BBS likasimama Eastleigh na kulidai taji lile lile. Kesho litatokea jingine. Ukiona tangazo la "kubwa kuliko yote" usome tarehe kwanza.

Rekodi ya Garden City, barabara ya Thika, ni ya kiufundi zaidi. Mwaka 2015 waliezeka maegesho yao kwa paneli 3,300 hivi za sola, kilowati 858, na wakati huo hapakuwa na maegesho ya sola makubwa kuliko hayo Afrika. Gari limekaa kivulini, kivuli kinazalisha umeme. Hesabu hiyo hata mimi nisiye na gari naikubali.

Tanzania taji la jumba la kwanza ni la Mlimani City, Dar es Salaam, lililofunguliwa 2006. Upekee wake ni mwenye kiwanja: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ardhi ya chuo, mwekezaji Turnstar kutoka Botswana, na wanafunzi wakivuka barabara kwenda kununua chipsi.

Tupu kuliko yote

Mwaka 2005, mjini Dongguan, China, lilifunguliwa South China Mall lenye nafasi ya maduka zaidi ya 2,000. Kwa eneo la kupangisha lilikuwa kubwa kuliko yote duniani. Ndani kulikuwa na mfano wa lango la Paris, mifereji kama ya Venice, na wapangaji wa kuhesabu kwa vidole. Mwaka baada ya mwaka karibu maduka yote yalibaki yamefungwa, vumbi juu ya ngazi za umeme. Lilijengwa mbali na barabara kuu, kati ya wafanyakazi wa viwandani ambao mshahara wao haukuwa wa kwenda kutembea dukani. Muongo mmoja ulipita kabla watu hawajaanza kulijaza.

Kwetu utupu ulikuja kwa mlango mwingine. Majumba mengi yaliyojengwa Kenya kati ya 2005 na 2015 yalisimama juu ya mpangaji mkuu mmoja, supamaketi ya Nakumatt, aliyekuwa na matawi zaidi ya 60 katika nchi nne, moja likiwa la Diani. Mpangaji mkuu ndiye anayeleta watu. Duka la viatu na la simu hula kwa waliokuja kununua unga. Nakumatt walipolemewa na madeni, wasambazaji wakaacha kuleta mzigo, rafu zikaanza kuonyesha ubao, na kufikia Januari 2020 wadai wakapiga kura kampuni ifungwe. Jumba linapompoteza mpangaji wa aina hiyo, wadogo hawafukuzwi na mtu. Wanahesabu mauzo ya miezi mitatu wanafunga wenyewe. Waliopona ni wale waliopata Carrefour, Naivas au Quickmart upesi. Pale Diani pana la kuongeza: mteja mmoja ni wa Ukunda, yupo mwaka mzima na pesa kidogo, mwingine ni mgeni wa hotelini, ana pesa na hayupo Mei. Ukilijengea jumba mgeni peke yake, mvua za masika zitakukuta na bili ya umeme.

Lisilo na mchoraji

Eastleigh, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kulikuwa na nyumba ya kulala wageni iitwayo Garissa Lodge. Dola ya Somalia ilikuwa imeanguka 1991, wakimbizi wakafurika Nairobi, na wengi wao walikuwa wafanyabiashara waliobeba ujuzi wao kichwani. Walipanga vyumba. Mchana bidhaa zikatandazwa kitandani, mlango ukaachwa wazi, wateja wakapita koridoni wakichungulia. Punde kitanda kikatolewa, chumba kikawa duka kamili, na nyumba nzima ikawa soko. Hilo ndilo jumba la maduka la kwanza la Eastleigh, na mengine yote, tangu Amal Plaza hadi BBS, yameota juu ya mzizi huo.

Maegesho? Hayakuwapo. Watu walishuka matatu namba 6 na 9 wakaingia kwa miguu, na wachuuzi wa Mombasa, Kampala na Mwanza walikuja kujaza mabunda. Kila alichokiona Gruen kuwa cha lazima, uwanja wa magari, nyuzi 24, tundu la ndege, Garissa Lodge walikikosa, na biashara ikawaka. Mtu wa Wasini angeielewa korido ile mara moja.

Jambo la ajabu ni kwamba wazo hilo limesafiri hadi kule kule. Minneapolis leo ina Wasomali wengi, baadhi wamepitia Eastleigh na kambi za Dadaab na Kiswahili wanacho. Wana jumba lao, Karmel: vyumba vidogo vilivyobanana, madirii, manukato, mafundi cherehani, ofisi za hawala, sambusa, na msikiti ndani. Southdale liko kilomita chache kutoka hapo.

Refu kuliko yote

Dubai Mall, lililofunguliwa Novemba 2008, lina maduka zaidi ya 1,200, tangi la papa na nafasi za magari 14,000. Wenyewe walitangaza wageni milioni 105 kwa mwaka 2023. Lakini mfanyabiashara wa Kariakoo au Kongowea akisema anakwenda Dubai, jumbani humo huenda kupiga picha tu. Mzigo anaufuata Deira, au Dragon Mart, jumba la bidhaa za Kichina lililofunguliwa 2004, limejengwa kwa umbo la joka lenye urefu wa kilomita 1.2. Upana wa Wasini ni kama kilomita moja. Ukililaza joka hilo kukata kisiwa, kichwa kinaoga upande wa Shimoni na mkia unaoga bahari kuu.

Mwanzilishi aliyelikana

Rekodi ya mwisho ni ya Gruen mwenyewe. Mchoro wake wa Southdale haukuwa wa maduka tu. Ulikuwa na nyumba za kuishi, shule, hospitali, bustani na ziwa, mji mdogo ambao mtu angetembea kwa miguu. Yaliyojengwa kwa mpango wake yalikuwa maduka na maegesho. Ardhi ya pembeni ilipanda bei, na wenye nayo wakafanya walivyotaka. Gruen alirudi Austria, na mwaka 1976 akaona jumba la namna ile ile, Shopping City Süd, likifunguliwa nje ya Vienna na kuwanyang'anya wateja wenye maduka wa mji aliouwaza siku zote. Alisema hadharani kwamba majumba hayo si wanawe. Alifariki 1980. Nairobi wawekezaji wa Garden City wamejenga nyumba za kuishi ubavuni mwa jumba, na Two Rivers nao wanauza wazo hilo hilo. Wenye nyumba hizo wakishuka kununua mkate kwa miguu au wakiwasha gari, hapo ndipo itajulikana mchoro wa Gruen ulikuwa na ukweli kiasi gani.