Mpaka ukifungwa, uliza vipimo

Uzi kidogo leo, maana hii hoja imerudi tena kwa mijadala. Upande mmoja unasema "fungeni mpaka, tunalishwa sumu." Wa pili unajibu "fungueni, bei ya unga ishuke." Wote huongea kana kwamba mpaka ni mlango wa duka na kuna mtu mmoja ameshika ufunguo.

Tuanze na nani anafanya nini. Ukitaka kuingiza mmea, mbegu au nafaka Kenya, unaomba kibali kwa KEPHIS kabla mzigo haujang'oa nanga huko, na mzigo wenyewe unakuja na cheti cha afya ya mimea kutoka serikali ya kule. Nyama, maziwa na ngozi ni kazi ya idara ya mifugo. KEBS wanaangalia ubora, KRA wanachukua ushuru. Kwa hivyo mtu akipanda jukwaani aseme "nitafungua mpaka siku ya kwanza," muulize anafungua ofisi gani.

Sasa mahindi. Mnakumbuka Machi 2021? Tarehe 5 mamlaka ya kilimo na chakula, AFA, iliandikia watu wa forodha barua: mahindi ya Uganda na Tanzania yasiingie, yana sumukuvu kupita kiwango. Malori yakakwama. Kelele ikawa kelele, na ndani ya wiki moja wizara ikalegeza: yaingie, lakini mwagizaji asajiliwe, kila shehena iwe na cheti kuonyesha sumukuvu iko chini ya sehemu 10 kwa bilioni, pamoja na cheti cha yalikotoka.

Hiyo 10 haikubuniwa ili kuwakomoa majirani. Ndiyo kiwango cha mahindi kwa Jumuiya yote ya Afrika Mashariki. Na sumukuvu si mchezo. Inatoka kwa kuvu inayoota kwa nafaka isiyokauka vizuri, inaharibu ini, na kupika ugali hakuiondoi. Mwaka 2004 iliua watu 125, wengi Makueni na Kitui.

Lakini hapa ndipo mimi hutega sikio, kwa sababu hii sehemu huwa hawaisemi jukwaani. Mahindi yaliyoua watu 2004 hayakutoka ng'ambo. Yalikuwa ya hapa hapa, yamevunwa na kuwekwa yakiwa bado na unyevu. Kuvu haina pasipoti.

Ndiyo maana mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu afya ya mimea na wanyama, ulioanza 1995, una pande mbili. Nchi ina haki ya kuzuia mzigo kulinda afya ya watu wake. Ila lazima iwe na ushahidi wa kisayansi, na isimbane mgeni kwa kitu inachomwachilia mwenyeji. Ukiona amri inagusa lori la jirani peke yake, hapo uliza maswali.

Tuwe wakweli pia: Novemba 2019 KEBS walisimamisha chapa tano za unga wa humu nchini kwa hii hii sumukuvu. Kwa hivyo si kweli ati hawapimi nyumbani. Tatizo ni kwamba unga wa pakiti una jina na anwani. Mahindi ya gorogoro unayobeba kwenda poshomili, nani ameyapima?

Maoni yangu: kiwango ni sahihi, barua ya ghafla ndiyo ilikuwa makosa. Mfanyabiashara ambaye lori lake tayari liko barabarani hawezi kutoa cheti ambacho jana hakikuhitajika.

Kuna marufuku nyingine ambayo angalau ilisema ukweli wake. Machi 2023 bodi ya maziwa ilisimamisha uagizaji wa maziwa ya unga, na sababu iliyotolewa ni kukinga mkulima asiangukiwe na bei wakati maziwa yamejaa. Unaweza kupinga, lakini unajua unapinga nini. Afya na bei ni hoja mbili tofauti. Ukiziacha zichanganywe, hutawahi kushinda huo mjadala.

Na kabla tuwatukane majirani, sisi pia tuko upande ule wa pili wa kaunta. Waridi letu linakaguliwa Ulaya kwa sababu ya kiwavi cha nondo. Avokado freshi zilianza kuingia Uchina 2022 tu, baada ya mkataba na ukaguzi wa mashamba. Hapo huwa tunataka sayansi, si siasa.

Mwisho, yule mama wa Busia. Jumuiya ina utaratibu rahisi wa cheti cha asili kwa mzigo usiozidi dola 2,000, ikiwa bidhaa iko kwa orodha, ili asilipe ushuru wa forodha. Wengi hawaujui. Lakini utaratibu huo haumwondolei ukaguzi wa afya. Sheria ikibana bila maabara karibu, yeye hupita njia ya panya, na gunia lake ndilo halipimwi kabisa.

Uzi ujao nitagusa makadamia: kwa nini sheria inakataza kuuza nje zikiwa mbichi bila ruhusa ya waziri, na nani anafaidika. Maswali wekeni hapa chini, matusi hapana.