Pini ya Kisu cha Kukunja: Uimara Wake na Istilahi Zake

Katika masoko ya Kitale na Bungoma si vigumu kupata kisu cha kukunja. Aghalabu mnunuzi hujaribu makali kwa kidole gumba, akaridhika, akalipa. Asichokitazama ni pini, yaani kijiti cha chuma kinachopenya mpini na shina la bapa. Kiungo hiki kikilegea, bapa huacha kukutana sawasawa na springi au komeo lake, na kisu kinaweza kumfungia mtu vidoleni.

Yafaa kwanza tutenganishe istilahi, kwani wapo wanaoliita jambo zima bawaba, na wengine ribiti. Kwa maoni yetu, bawaba ni kiungo kizima. Pini ni kile kijiti. Egemeo ni nukta ambayo bapa huizunguka, kama tulivyofunzwa katika somo la nyenzo. Ribiti nayo ni pini iliyofungwa kwa kupondwa ncha zake. Kwa hiyo kila ribiti ya kisu ni pini, lakini pini iliyofungwa kwa skrubu si ribiti.

Je, pini hukatika? Tuchukue bapa lenye urefu wa milimita 80 kutoka egemeo hadi ncha, na kizuizi kilicho milimita 8 tu kutoka egemeo. Mtu akikandamiza nchani kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 5, wenzo huo huzidisha nguvu mara 10, na pini hubeba karibu kilo 50. Hata hivyo, pini ya chuma laini yenye kipenyo cha milimita 3 hushikwa pande zote mbili za bapa, hivyo ni sharti ikatwe mahali pawili kwa mpigo. Kufanya hivyo kunahitaji zaidi ya kilo 300. Mkono wa mkulima anayekata kamba ya gunia la mahindi haufikii hapo.

Kinachoshindwa, basi, ni tundu. Zile kilo 50 hukandamiza ukingo wa tundu, na kama kila upande wa mpini una ukuta wa chuma wa milimita 1, eneo linalozipokea ni milimita mraba 6 pekee. Chuma hustahimili. Plastiki tupu au mti mtupu hukandamizika kidogo kidogo, na tundu la duara likawa la yai. Opinel, kisu kilichoanza kuundwa huko Savoie, Ufaransa, mwaka 1890, kina mpini wa mti, lakini ribiti yake hupita katika pete ya chuma iliyozungushwa shingoni. Pete ya pili, ya kufungia bapa lisijikunje, iliongezwa mwaka 1955.

Adui mwingine ni kuchokonoa. Anayefungua kifuniko cha kopo kwa kisu hulisukuma bapa kando, nalo hutanua kuta za mpini na kuvuta vichwa vya ribiti. Maji ya muwa nayo, kwa wakazi wa Bungoma, huingia kiungoni, yakaganda, yakakaribisha kutu. Kuosha, kukausha na tone la mafuta hutosha.

Fundi wa jua kali akiletewa kisu kilicholegea, huenda akatia msumari mnene zaidi. Ni tiba nzuri iwapo ukuta wa mpini ni wa chuma. Katika plastiki, tundu jipya litapanuka kama la kwanza, ingawa kwa kuchelewa. Kipande cha spoku ya baiskeli, chenye milimita 2 hivi, ni kigumu kuliko msumari, ila kwa wembamba wake hukandamiza ukingo wa tundu kwa shinikizo kubwa zaidi. Afadhali kubandika kwanza vipande vya bati ndani ya mpini, ndipo pini ipitishwe. Kisha, kabla ya kuponda ncha, karatasi nyembamba iliyopasuliwa katikati huwekwa kati ya bapa na ukuta. Ribiti ikishakaza, karatasi huchomolewa, na bapa hubaki na nafasi ya kuzunguka bila kutikisika.