Mashine nzito Chanika: kilichozeeka ni diski

Dirisha la maombi ya mikopo ya elimu ya juu likifunguliwa, steshenari za Chanika, katikati ya mji wa Handeni, hujaa vijana wenye bahasha za vyeti. Kuna cheti cha kuzaliwa kinachotakiwa kuhakikiwa RITA, kuna namba ya NIDA, kuna picha ya pasipoti, kuna fomu ya kuchapa, kuisainisha, kuiskani na kuipandisha tena kwenye mfumo wa Bodi ya Mikopo. Wengine wametoka Sindeni, Misima au Mkata na wanataka kurudi kabla giza halijaingia. Foleni nzima inategemea kompyuta mpakato moja iliyotoka kiwandani miaka zaidi ya kumi iliyopita. Kila inapobofywa, mwenye duka anasubiri, kijana anasubiri, na bando linaliwa.

Shuleni hali ni hiyohiyo. Manunuzi siku hizi yanapita NeST, tathmini ya utendaji wa mtumishi inajazwa PEPMIS, taarifa za wanafunzi zina mifumo yake. Kazi zimehamia mtandaoni kwa kasi, lakini mashine ya mwalimu ni ileile aliyoinunua mtumba akiwa chuoni.

Mteja akifika kwa fundi, ombi huwa moja: "Fundi, mashine imekuwa nzito, nipigie Windows upya." Fundi anapiga, mashine inapumua wiki kadhaa, kisha uzito unarudi. Hapo mwenye mali anakata tamaa na kuanza kudunduliza hela ya nyingine. Mimi nasema asiharakishe. Katika mashine nyingi za aina hii prosesa bado ina nguvu za kutosha kwa kazi ya ofisi. Kilichochoka ni diski, na kumbukumbu (ramu) iliyokuja nayo ni ndogo kwa programu za leo. Vyote viwili hubadilishwa kwa bisibisi, na gharama yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya mashine nyingine ya maana.

Ndani ya hadi diski, yaani diski iliyokuja na mashine hizi, kuna sahani zinazozunguka kwa kawaida mara 5,400 kwa dakika, na juu yake mkono mwembamba wenye kichwa cha kusomea. Kichwa hicho hakigusi sahani. Kinaelea juu yake kwa umbali mdogo kuliko chembe ya moshi. Kila faili linapotakiwa, mkono lazima usogee hadi mahali pake, kisha usubiri sahani izunguke mpaka kipande kinachohitajika kifike chini ya kichwa. Ni kama muuza duka anayelazimika kwenda stoo ya nyuma kwa kila kiberiti kinachoulizwa. Safari moja huchukua sehemu ndogo sana ya sekunde, lakini Windows inapowaka huomba maelfu ya vipande vilivyotawanyika, na hadi diski ya kawaida huhudumia takriban mia moja tu kwa sekunde. SSD, diski ya kisasa inayowekwa badala yake, haina sahani wala mkono. Ina chipu za kumbukumbu za aina iliyobuniwa Japani katika miaka ya 1980 na Fujio Masuoka wa Toshiba, na huhudumia maombi hayo kwa makumi ya maelfu kila sekunde. Ndiyo maana mashine iliyokuwa ikiwaka kwa dakika kadhaa huwaka kwa sekunde chache, bila prosesa kuguswa.

Kwa Handeni kuna faida nyingine ambayo wauzaji wa mjini hawaisemi sana. Mtu anafunga kioo, anatia mashine kwenye begi na kupanda bodaboda kabla haijazima sawasawa, sahani bado zinazunguka. Kwenye barabara ya vumbi yenye mashimo, kichwa kinaweza kugonga sahani, na hapo picha na mitihani ya miaka mitatu inapotea. SSD haina cha kugonga.

Kabla ya kutoa hela, ipime mashine yako mwenyewe. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, dirisha la Task Manager litafunguka. Fungua programu unazotumia kila siku, kisha angalia safu ya diski. Ikikaa kwenye asilimia 100 muda mrefu huku prosesa ikiwa imetulia, mshtakiwa umeshampata. Angalia na kumbukumbu: ikikaa asilimia 85 au 90, ramu ni ndogo. Dirisha hilohilo, upande wa utendaji, linaonyesha ramu imechukua nafasi ngapi kati ya zilizopo. Ukiona moja kati ya mbili, kuna nafasi tupu na huna haja ya kutupa iliyopo.

Hela ikitosha kitu kimoja tu, anza na SSD. Ramu ikijaa, Windows huhamishia mzigo kwenye diski, kwa hiyo diski yenye kasi hufunika hata upungufu wa ramu. Baada ya hapo ongeza kumbukumbu ifike GB 8. Kwa GB 4, kivinjari chenye kurasa kadhaa, Word na programu ya kuskani vikifunguliwa pamoja tayari ni msongamano. GB 16 ni nzuri kwa anayehariri video za harusi, lakini steshenari ya kawaida haitaona tofauti kubwa.

Bahati yetu ni kwamba mashine nyingi za mtumba zinazotoka Ulaya na Dubai zilitengenezwa kwa ajili ya maofisi, na za ofisi zilikusudiwa kufunguliwa na kutengenezwa. Chukua HP EliteBook 840 ya toleo la kwanza: kava la chini unalitoa kwa kusukuma kitasa, na papo hapo unaiona diski na nafasi mbili za ramu. Dell Latitude na ThinkPad za wakati huo nazo hazisumbui sana, ingawa kila moja ina mambo yake. ThinkPad X240 ina nafasi moja tu ya ramu, kwa hiyo kuongeza ni kutoa ya zamani na kuweka kubwa zaidi. T440 ina GB 4 zilizochomelewa kwenye bodi, na nafasi moja pembeni.

Zipo pia zile ndogo, nyembamba, za bei ya kuvutia, zenye diski ya GB 32 iliyochomelewa na ramu ya GB 2 au 4 isiyotoka. Hizo mzazi humnunulia mtoto anayekwenda chuo kwa sababu zinaonekana mpya. Nasema kwa uchungu kwamba ni hasara. Zikizidiwa, hakuna fundi wa Chanika wala wa Kariakoo atakayezisaidia, na Windows yenyewe ikitaka kujisasisha hukosa nafasi. Heri mtumba mnene unaofunguka.

Kosa linalorudisha wateja wengi Dar es Salaam ni kununua kisichoingiana. Ramu za DDR3 na DDR4 zina mkato sehemu tofauti, kwa hiyo moja haiingii mahali pa nyingine, na anayelazimisha huvunja nafasi yenyewe. Ugumu uko kwenye DDR3 na DDR3L, zinazofanana kabisa kwa umbo: ya kwanza hutumia volti 1.5, ya pili 1.35, na mashine nyingi za Intel za kizazi cha nne hazitawaka kwa ramu isiyokubali volti hiyo ya chini. Soma karatasi iliyobandikwa kwenye ramu iliyopo, ipige picha, umtumie muuzaji hiyo picha. Kwa SSD, zile za inchi 2.5 huingia palepale ilipotoka hadi diski. Zile nyembamba kama ubao mdogo ziko za SATA na za NVMe. Kwa macho zinakaribiana, lakini mashine inayokubali moja si lazima ikubali nyingine. Mzigo ukishapakiwa kwenye basi la Handeni, kuurudisha ni gharama na siku mbili za kazi zimepotea.

Kazi yenyewe ni fupi. Nakili faili zako kwanza, nasisitiza kwanza, kwenye diski ya nje. Zima mashine kabisa, chomoa chaja, toa betri au chomoa waya wake. Gusa chuma kisichopakwa rangi ili umeme tuli wa mwilini utoke. Ramu huingizwa kwa kuilaza mshazari, inasukumwa mpaka meno ya shaba yazame, kisha inabonyezwa chini hadi vishikizo vya pembeni vilie. Usiposikia mlio huo, usifunge kava. SSD unaifunga kwenye kifremu kilekile cha diski ya zamani kwa skrubu zake zilezile, na hapa ndipo skrubu hupotea, kwa hiyo ziweke kwenye kifuniko cha chupa. Halafu ama unahamisha kila kitu kutoka diski ya zamani kwa waya wa USB, ama unapiga Windows upya. Mimi napendelea kupiga upya, maana kuhamisha ni kuhamisha na virusi vya flashi za wateja wote waliopita.

Angalizo moja ambalo hata mafundi husahau: mashine yenye Windows ya biti 32 haitumii zaidi ya GB 4 za kumbukumbu, hata ukiijaza 16. Lazima upige ya biti 64.

Feki zipo nyingi. Ukiona diski ya nje imeandikwa TB 2 na bei yake ni ya GB 128, ndani kuna kadi ndogo ya kumbukumbu iliyochakachuliwa ili iidanganye kompyuta. Itapokea faili bila kulalamika, na ikifika ukomo wake halisi itaanza kuandika juu ya zile za mwanzo. Programu ya bure ya H2testw huijaza diski kisha huisoma tena, na uongo hujulikana. Iendeshe kwenye diski tupu kabla dhamana ya muuzaji haijaisha. Ramu iliyotumika, kwa upande wake, naishauri bila wasiwasi ilimradi ijaribiwe, na sasa kuna sababu ya ziada. Tangu mwishoni mwa 2025 bei za kumbukumbu zimepanda duniani kwa sababu viwanda vinapeleka uzalishaji kwenye vituo vikubwa vya akili mnemba. Desemba 2025 kampuni ya Micron ya Marekani ilitangaza kuachana na Crucial, jina lililokuwa likiwauzia watu wa kawaida ramu na SSD. Ramu ya kutoka mashine iliyovunjika kioo ina thamani kubwa kuliko kabla ya hapo.

SSD ina udhaifu wake. Hadi diski inayokufa mara nyingi hugonga na kukwaruza, inakupa nafasi ya kuokoa. SSD inaweza kuzima asubuhi moja bila dalili yoyote, na kutoa faili ndani yake ni kazi ngumu zaidi. Kwa hiyo usiitupe ile diski ya zamani kama bado nzima: itie kwenye kasha la USB na uifanye ya akiba. Na kama betri imekufa kiasi kwamba mashine inaishi kwa waya tu, weka na betri. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, diski yoyote inaweza kuharibu faili.

Kuna na suala la Windows. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 Oktoba 14, 2025, na kwa wanaojiandikisha iliongeza mwaka mmoja wa marekebisho ya usalama. Windows 11 inataka, kwa upande wa Intel, prosesa kuanzia kizazi cha nane, ambazo zilianza kutoka 2017. Mashine ya 2013, hata uivike SSD nzuri kiasi gani, haimo kwenye orodha. Kwa anayefanya kazi zake ndani ya kivinjari, Linux, mfumo unaowekwa badala ya Windows, ni njia halali na ya bure, na si ngeni kwetu: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya ofisi kwa Kiswahili. Jambo la kujaribu mapema ni printa na skana, maana baadhi hukataa, na steshenari bila skana haina biashara.

Mwisho ni ile diski inayotolewa, kama huitaki tena. Ndani ya diski ya steshenari kuna vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho vya NIDA na saini za mamia ya watu waliokuja kuskani wakaondoka. Kufuta faili na kumwaga pipa la taka hakuviondoi. Programu za bure zinavirudisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamhusu hata mwenye duka dogo. Kabla ya kuiuza au kuiacha kwa fundi, ifomati kwa kuondoa alama ya "haraka", ili Windows iandike sifuri juu ya diski nzima. Huchukua saa kadhaa, iache usiku. Kama haisomeki tena, ifungue utoe zile sahani uzikwaruze kwa msasa pande zote mbili.